Wadudu na Matatizo ya Mimea ya Ndani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusudiwa kwa yeyote anayetunza mimea sebuleni, barazani au kwenye roshani ya ghorofa katika miji yetu, iwe ni kwenye joto la Dar es Salaam na Mombasa au kwenye baridi ya Iringa na Limuru. Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu maua ya ndani huanza na dawa. Hapa tunaanza na uchunguzi, kwa sababu mimea mingi ninayoletewa ikiwa hoi imedhurika kwa maji au kwa dawa isiyohitajika, na wadudu wanaolaumiwa ama hawapo kabisa au wamefika baada ya mmea kudhoofika.

Mmea wangu unaonekana kuumwa. Nianzie wapi kabla ya kununua dawa?

Anza na udongo. Chomeka kidole hadi kina cha sentimita tano hivi ujue kama kuna unyevu, kisha inua chungu upime uzito wake, kwa kuwa juu ya udongo panaweza kuwa pamekauka ilhali chini kumejaa maji. Baada ya hapo geuza majani, kwa sababu karibu wadudu wote wa mimea ya ndani hukaa upande wa chini wa jani, kwenye makwapa ya vikonyo na kwenye machipukizi machanga. Weka karatasi nyeupe chini ya tawi, uligonge mara mbili tatu, na utazame kama vitone vilivyoanguka vinatembea. Kamera ya simu, ukikuza picha, inatosha kuonyesha mengi ambayo macho hayaoni.

Halafu jiulize ni majani yapi yameathirika. Tatizo linaloanzia kwenye majani ya zamani ya chini kwa kawaida huhusu maji, mizizi au upungufu wa nitrojeni. Linaloanzia kwenye majani machanga mara nyingi huhusu wadudu wafyonzaji au upungufu wa madini ya chuma. Na linalotokea upande mmoja tu wa mmea, ule unaoelekea dirishani au kwenye kiyoyozi, chanzo chake kiko upande huohuo.

Majani ya chini yanageuka manjano moja baada ya jingine. Je, niongeze maji au mbolea?

Usiongeze chochote mpaka uwe umetazama mizizi. Jani moja la chini kuwa manjano kila baada ya muda mrefu ni uzee wa kawaida, lakini majani kadhaa kwa pamoja, huku udongo ukiwa umelowa, ni ishara kwamba mizizi inaoza. Linalowachanganya watu ni kwamba mmea wenye mizizi iliyooza hunyauka sawasawa na mmea wenye kiu, kwa kuwa mizizi iliyokufa haiwezi kupandisha maji hata kama imezungukwa nayo. Mwenye mmea akiona umenyauka, humwagilia tena, na hapo ndipo huumaliza kabisa.

Toa mmea kwenye chungu. Mizizi mizima ni migumu na mara nyingi huwa myeupe au ya rangi ya maziwa. Iliyooza ni ya kahawia au nyeusi, ni laini, ganda lake huvuka ukiivuta kwa vidole, na hunuka. Kata yote iliyooza kwa mkasi uliopanguswa kwa spiriti, suuza iliyobaki, uache mmea kivulini kwa saa chache, kisha uupande katika udongo mpya unaopitisha maji, kwenye chungu chenye tundu chini na kisichozidi sana ukubwa wa mizizi iliyosalia. Punguza na baadhi ya majani ili mizizi michache isilemewe. Mbolea isubiri mpaka chipukizi jipya litokeze, kwani chumvi za mbolea huunguza mizizi yenye majeraha.

Mimea inayokufa zaidi kwa njia hii ni sansevieria na zamiokulkasi, ambayo vitaluni huitwa ZZ. Inafaa kukumbuka kwamba zamiokulkasi ni mmea wa kwetu: huota porini kuanzia Kenya kupitia Tanzania, Zanzibar ikiwemo, hadi Afrika Kusini, katika sehemu zenye kiangazi kirefu, na chini ya udongo una viazi vinavyohifadhi maji. Mmea uliojiandaa namna hiyo haustahili kumwagiliwa kila Jumamosi. Mara moja kila wiki mbili au tatu inautosha, na wakati wa masika au kipupwe hata mwezi mzima unaweza kupita.

Ncha za majani ya drasena zinakauka na kuwa kahawia ingawa namwagilia vizuri. Kwa nini?

Swali hili huulizwa sana na wakazi wa Arusha, Kilimanjaro na maeneo mengine ya Bonde la Ufa, na huko jibu mara nyingi ni floraidi. Miamba ya volkano huachia madini hayo kwenye maji ya chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita katika maji ya kunywa, na katika baadhi ya maeneo yanayozunguka Mlima Meru maji huvuka kiwango hicho mara kadhaa. Madini hayohayo yanayotia meno ya watoto madoa ya kahawia ndiyo yanayounguza jani: floraidi hupanda na maji kutoka mizizini, maji huvukizwa majanini, nayo hubaki na kujikusanya kwenye ncha na kingo mpaka sehemu hiyo ife. Drasena na klorofitamu, ua lenye majani marefu membamba, ndizo zinazoathirika zaidi. Isale, ambayo Wachaga huipa heshima kubwa kama alama ya amani na ya kuomba msamaha, ni ya jamii hiyohiyo ya drasena, na pengine ndiyo maana swali hili huniletea uchungu kidogo linapohusu isale iliyohamishiwa kwenye chungu.

Kuchemsha maji hakusaidii, bali huzidisha floraidi kwa kuwa maji yanapungua na madini yanabaki. Kuyaacha maji kwenye ndoo usiku kucha hupunguza klorini, lakini floraidi haiondoki. Dawa yake ni maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi, au maji yaliyopita kwenye chujio la mkaa wa mifupa kama nyumbani kwenu lipo. Epuka pia mbolea ya supafosfeti kwa mimea hii, kwa sababu nayo hubeba floraidi.

Pwani hali ni tofauti. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi, na dalili yake ni ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye kuta za chungu cha udongo. Kila baada ya miezi miwili au mitatu, peleka chungu nje na umiminie maji yasiyo na chumvi, taratibu, mara tatu au nne ya ujazo wa chungu, yote yatiririke na kutoka. Ncha iliyokwisha kukauka haitarudi kuwa kijani. Unaweza kuikata kwa kufuata umbo la jani, ukiacha ukingo mwembamba wa kahawia ili usijeruhi sehemu ya kijani.

Kuna vitu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani. Ni ukungu?

Hapana, hao ni vidung'ata. Ile pamba ni nta inayowakinga, na ndani yake jike huweza kutaga mamia ya mayai. Wanafyonza utomvu, majani yanakunjamana, mmea unadumaa.

Tenga mmea huo na mingine siku hiyohiyo. Chovya pamba ya masikioni katika spiriti ya asilimia 70 inayouzwa famasi, umguse kila mmoja unayemwona. Nta huyeyuka na mdudu hubadilika rangi na kufa. Kisha changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na blichi, katika lita moja ya maji, ujaribu kwanza kwenye jani moja na kusubiri siku mbili. Jani lisipodhurika, pulizia mmea mzima, hasa chini ya majani, na uusuuze kwa maji safi baada ya saa moja au mbili. Usitumie sabuni ya unga, kwani kemikali zake huunguza majani. Rudia kila baada ya siku saba kwa muda usiopungua mwezi mmoja, kwa sababu mayai hayafi kwa sabuni na kila wiki kuna watoto wapya wanaoanguliwa. Watu wengi hushindwa hapa: hupulizia mara moja, wakaona pamba imetoweka, wakaacha. Tazama pia mizizi na ukingo wa ndani wa chungu, maana wapo vidung'ata wanaoishi udongoni.

Ndugu yao wa muhogo alikuja Afrika kutoka Amerika Kusini katika miaka ya 1970 na kuharibu mashamba ya nchi nyingi. Aliyemzuia ni nyigu mdogo sana anayetaga mayai ndani ya kidung'ata. Nyigu huyo alipatikana Paraguay na kuachiliwa kwa mara ya kwanza nchini Nigeria mwaka 1981, katika kazi iliyoongozwa na Hans Rudolf Herren, ambaye mwaka 1995 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Nalitaja hili kwa sababu nyigu wa aina hiyo, pamoja na kina bibi madoadoa, wale mbawakawa wadogo wenye madoa, hufika hata kwenye roshani zetu, na anayepulizia sumu kali kila wiki huwaua wao kwanza.

Majani yamepoteza rangi, yana vitone vidogo na utando mwembamba kama wa buibui. Ni nini?

Ni utitiri. Una miguu minane kama buibui na kupe, kwa hiyo si mdudu kwa maana ya kitaalamu, na tofauti hiyo ina uzito: dawa nyingi za wadudu haziudhuru, na baadhi yake huufanya uongezeke kwa kuwa huua maadui zake. Hupenda joto na hewa kavu. Kwenye nyuzijoto 30 yai huwa utitiri mpevu kwa takriban wiki moja, na ndiyo maana mmea uliokaa karibu na kiyoyozi au juu ya jokofu unaweza kuharibika kati ya malipo ya mshahara mmoja na mwingine.

Adui yake mkubwa ni maji. Peleka mmea bafuni, funika udongo kwa mfuko wa plastiki, na uoshe majani pande zote kwa bomba lenye nguvu ya kutosha. Fanya hivyo kila baada ya siku tatu kwa wiki mbili, na katikati yake utumie maji ya sabuni kama nilivyoeleza. Uondoe mmea mahali ulipokuwa, la sivyo utitiri utarudi.

Majani yananata na sisimizi wamejaa. Je, niwaue sisimizi?

Sisimizi hawali mmea, wamefuata asali. Vidukari, vidung'ata, nzi weupe na wadudu gamba hutoa maji matamu wanapofyonza utomvu, na sisimizi huyanywa na hata kuwalinda wadudu hao dhidi ya maadui zao. Fuata msafara wa sisimizi nao utakupeleka kwenye chanzo. Juu ya maji hayo matamu huota ukungu mweusi kama masizi, ambao hufutika kwa kitambaa kilicholowa na hautarudi wadudu wakiisha.

Wadudu gamba ndio wanaopita bila kutambuliwa, kwa kuwa wanafanana na vipele vya kahawia vilivyo sehemu ya shina. Kwangua kimoja kwa ukucha: kikibanduka, ni mdudu. Sabuni haipenyi gamba la mkubwa, hivyo wabandue kwa mswaki wa zamani uliochovywa kwenye maji ya sabuni, kisha upulizie kwa ajili ya watoto ambao bado hawajaota gamba. Vidukari ni rahisi zaidi, kwani maji ya bomba tu mara nyingi huwamaliza.

Vijinzi vidogo vyeusi vinaruka kila ninapomwagilia. Vinadhuru?

Vikubwa havidhuru. Viluwiluwi vyao, vinavyoishi kwenye udongo wa juu, hula ukungu na mabaki yanayooza, na vikizidi hutafuna mizizi ya miche michanga. Uwepo wao maana yake ni kwamba udongo haukauki. Acha sentimita tatu hadi tano za juu zikauke kabisa kabla ya kumwagilia, na uweke kadi ya manjano iliyopakwa mafuta mazito karibu na chungu ili inase wanaoruka. Mzunguko wao wa maisha huchukua wiki tatu hadi nne, hivyo subira ya mwezi mmoja inahitajika. Ukiwa na mazoea ya kumwaga majani ya chai au unga wa kahawa uliotumika kwenye vyungu, acha, kwa sababu huo ndio mlo wao.

Maji yanayobaki kwenye visahani vya chini ya vyungu yana tatizo gani?

Yana matatizo mawili, na la pili linahusu watu. La kwanza ni kuoza kwa mizizi. La pili ni mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, ambaye hutaga kwenye vyombo vidogo vya maji yaliyotuama ndani na kandokando ya nyumba. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Kutoka yai hadi mbu mpevu huchukua siku saba hadi kumi hivi katika joto letu, kwa hiyo mwaga maji ya visahani kila baada ya kumwagilia, na angalau mara moja kwa wiki usugue kuta za kisahani, kwa sababu mayai hugandia pembeni na huvumilia ukavu kwa miezi. Chupa zenye matawi ya mani planti nazo zibadilishwe maji kila wiki. Naomba jambo hili lisichukuliwe kuwa dogo.

Mwarobaini unafaa kweli? Nitauandaaje?

Unafaa, ukitumiwa kwa kuelewa unavyofanya kazi. Kiini chake kikuu, azadiraktini, huwapunguzia wadudu hamu ya kula na kuvuruga kujivua gamba kwa wachanga, kwa hiyo usitegemee kuona wamekufa kesho yake. Kiko kwa wingi kwenye mbegu kuliko kwenye majani. Menya mbegu zilizokauka vizuri, utupe zenye ukungu, ponda gramu 50 za kokwa, loweka katika lita moja ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, na uongeze matone machache ya sabuni ili dawa ishike kwenye majani. Pulizia jioni, kwa kuwa mwanga wa jua huiharibu dawa hii ndani ya siku chache, na rudia kila wiki. Haihifadhiki; tengeneza ya kutosha siku hiyo tu. Ukiwa na mafuta ya mwarobaini yaliyokamuliwa, kijiko kimoja cha chai pamoja na sabuni kidogo katika lita moja ya maji kinatosha. Harufu yake ni kali, hivyo kazi hii ifanyike nje.

Je, ninaweza kutumia dawa za mashambani ndani ya nyumba?

Sishauri. Kiuatilifu kilichosajiliwa kwa ajili ya nyanya au kahawa kimepimwa kwa matumizi ya uwanja wa wazi, mahali ambapo upepo na jua hukipunguza makali, wala si kwa chumba ambacho mtoto anatambaa na watu wanalala. Hatari zaidi ni dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda bila lebo, kwani hujui ni nini, ni kiasi gani, na mtoto anaweza kuinywa. Tanzania Bara, usajili wa viuatilifu husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Kabla ya kununua, hakikisha chombo kimefungwa na lebo inataja matumizi yanayolingana na yako. Mmea uliofikia hatua ya kuhitaji sumu kali ni afadhali uutoe nyumbani.

Urujuani wa Usambara unanyauka katikati na majani yana madoa ya duara. Nifanye nini?

Ua hili, linalouzwa madirishani duniani kote, asili yake ni misitu ya milima ya Tanzania, Usambara ikiwemo, na sehemu za pwani ya Kenya. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani katika eneo la Tanga, alilituma Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Porini huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevunyevu, katika udongo mdogo usiotuamisha maji, na humo ndimo majibu yote yanapopatikana.

Madoa ya duara mara nyingi hutokana na maji baridi kuliko jani. Tumia maji yaliyokaa ndani ya nyumba, na uyamimine kwenye kisahani kwa nusu saa, kisha mwaga yanayobaki. Kunyauka katikati ni kuoza kwa taji, kunakosababishwa na maji yaliyotuama pale majani yanapokutana. Likiwa limeoza, chukua jani zima lenye kikonyo, ulichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, na baada ya miezi michache utapata miche mipya. Majani ya katikati yakijikunja, yakawa madogo na magumu, huenda ni aina ya utitiri usioonekana kwa macho, na hapo mmea huo uutupe ili kuokoa mingine.

Mmea umerefuka na kuinama, na mwingine umepata mabaka meupe. Ni ugonjwa?

Uliorefuka unatafuta mwanga. Usogeze karibu na dirisha. Wenye mabaka makavu upande wa jua umeungua, na kwa kawaida hutokea unapotolewa ghafla ndani na kuwekwa kwenye jua la mchana. Uzoeshe kidogokidogo kwa wiki mbili.

Ni udongo gani unaopunguza matatizo haya?

Udongo wa bustani peke yake hushikamana kwenye chungu na huleta minyoo fundo, vijiminyoo vinavyofanya mizizi iote vinundu. Mimi huchanganya sehemu mbili za udongo wa msituni au mboji iliyoiva, sehemu moja ya mchanga wa mto, wala si wa baharini kwa sababu ya chumvi, na sehemu moja ya usumba wa nazi au pumba za mpunga zilizochomwa kidogo. Usumba uoshwe mara mbili kwanza, maana nao huwa na chumvi. Samadi mbichi isiingie ndani ya nyumba.

Nimenunua mmea kitaluni. Je, niuweke moja kwa moja pamoja na mingine?

Uutenge kwa wiki mbili hadi tatu, hata kama unaonekana mzima. Mayai ya vidung'ata na utitiri hayaonekani siku ya kununua.

Mmea ukishindikana kabisa, niutupe wapi?

Kata kwanza kijiti au jani zima lisilo na mdudu, lioshwe kwa maji ya sabuni, na ulioteshe mbali na mimea mingine. Vaa glavu ukikata difenbakia, kwa kuwa utomvu wake una fuwele zinazowasha na kuvimbisha ulimi na koo, na watoto wasikaribie. Mmea wenye wadudu ufungwe kwenye mfuko kabla ya kutolewa nje, usirundikwe kwenye mboji wala karibu na mipapai na mihogo ya jirani. Chungu kisuguliwe, kilowekwe kwa nusu saa katika maji yenye sehemu moja ya blichi ya kufulia kwa sehemu tisa za maji, kisuuzwe vizuri, na kianikwe juani kikauke kabla ya kupandwa tena.